UZI: Gari za rekodi zenye injini mbili, tatu mpaka nne. Kuzifunga sio kazi, kazi ni kuzipatanisha

fundi_mkanda (Mikindani)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite zake, mwenye muda avute kigoda.

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Mwaka 2011 nlikuwa nashika spana kwa mzee mmoja huku Mikindani, akaja mteja ana mashine ya kukoboa, injini yake ya dizeli silinda moja ile ya kupiga hendeli imechoka, ukiipa mzigo inalia mpaka unaionea huruma. Hela ya injini kubwa hana, ila ana nyingine ndogo kaitoa kwenye pampu ya maji shambani. Mimi kwa kiherehere nikamwambia mzee tuzifunge zote kwenye shafti moja, moja huku moja kule, kila moja na puli yake na mkanda wake, nguvu si zitajumlishwa tu. Mzee akaniangalia, akasema haya funga.

Siku ya kujaribu nikapiga hendeli ile kubwa, ikashika, ile ndogo tumenyanyua kile kiwenzo chake cha kuachia pumzi kwa hiyo inazungushwa tu na mkanda bila kubana, nikaachia kiwenzo, ikapokea. Watu wakapiga makofi. Sasa kumbe gavana (kile kifaa cha kupunguza na kuongeza mafuta ili mizunguko isizidi) ya ile kubwa imesetiwa juu kidogo kuliko ya ndogo, kwa hiyo kubwa inavuta mzigo wa mashine na inamvuta na mwenzake, ile ndogo gavana yake inaona mizunguko imezidi inajifungia mafuta, haichangii kitu, inaburuzwa. Haikufika dakika tano, harufu ya mpira, moshi, mkanda ukakatika ukapita pembeni ya sikio langu ukaenda kupinda bati la banda. Mzee akauliza, "Hapo umefunga injini mbili au umefunga injini na breki?"

Miaka imepita nikaanza kufuatilia zile gari za rekodi ya mwendo wa nchi kavu, nikakuta na wenye pesa zao wamepita humo humo.

Mwaka 1920 Mmarekani Tommy Milton alipeleka Daytona Beach kule Florida gari ya Duesenberg yenye injini mbili za silinda nane nane zimelazwa ubavu kwa ubavu, kila moja inaenda kivyake mpaka kwenye ekseli ya nyuma. Akapiga kama kilomita 251 kwa saa. Ila iliyonikalisha chini ni Sunbeam ya 1927, ile ya Henry Segrave. Injini mbili za ndege, V12 (silinda kumi na mbili zimepangwa kama herufi V), lita 22.4 za ujazo kila moja, moja mbele ya dereva moja nyuma yake, yeye kakaa katikati kama nyama kwenye sambusa. Kuiwasha sasa: unaanza na ya nyuma, inapigwa kwa upepo uliobanwa kwenye mtungi. Ikishapokea, kuna klachi ya kusuguana inaikokota ya mbele taratibu mpaka zifike mizunguko sawa, zikishalingana ndo inafungwa klachi ya meno, kuanzia hapo ni kitu kimoja, hakuna wa kuvuta mwenzake. Hiyo klachi ya meno ndo nlikuwa sina mimi pale bandani. Tarehe 29 Machi 1927 ikaenda kilomita 327.97 kwa saa, gari ya kwanza duniani kuvuka maili 200 kwa saa.

Nakunywa chai narudi, kuna kituko cha injini tatu.

korosho_ghafi

Siti ya mbele nimeshachukua. Ila pole kwa sikio mkuu 😂

mtoto_wa_mchinga

Hapo kwenye kukokota mpaka zilingane ndo kama kwenye majenereta. Nimewahi kukaa chumba cha jenereta kama saidia fundi, ukitaka kuingiza la pili unasubiri mshale ule usogee taratibu ufike juu ndo unafunga swichi. Ukifunga kabla linapiga kishindo mpaka sakafu inatikisika, nlishasikia mara moja tu, sitaki tena.

fundi_mkanda (Mikindani)

@mtoto_wa_mchinga umemaliza kila kitu. Jambo lile lile.

Haya kituko. White Triplex, mwaka 1928, ya tajiri mmoja wa Philadelphia anaitwa J.H. White. Huyu alitaka rekodi irudi Marekani kwa gharama yoyote, akachukua injini tatu za ndege aina ya Liberty zilizobaki vita ya kwanza, V12, lita 27 kila moja. Tatu! Lita 81. Moja kaweka mbele ya dereva, mbili nyuma zimelala sambamba. Klachi hakuna. Giaboksi hakuna. Inasukumwa mpaka ishike, ikishika imeshika. Na sheria za rekodi zilitaka gari iwe na rivasi, sasa utaweka wapi rivasi kwenye gari isiyo na giaboksi, wakaishia kufunga ekseli nyingine nyuma inayoning'inia juu, ukitaka kurudi nyuma inashushwa mpaka iguse chini. Ukiniuliza mimi hiyo ni kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa kuazima, lakini wakapitishwa.

Ray Keech akaiendesha tarehe 22 Aprili 1928, kilomita 334 kwa saa, rekodi ya dunia. Sasa sikilizeni hapa. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Malcolm Campbell, kaiweka Februari mwaka huo huo, kilomita 333, na gari yenye injini MOJA ya Napier Lion, haifiki hata lita 24. Yaani injini tatu za lita 81 zimemzidi wa injini moja kwa kilomita moja.

Na mwaka uliofuata Keech akaombwa tena akakataa, akasema gari ni hatari. Akapewa fundi wa gereji wa pale pale Daytona, Lee Bible, hakuwa na uzoefu wa mambo hayo. Machi 1929 gari ikamtoka, akafa yeye na mpiga picha za sinema aliyekuwa kasimama pembeni. Siku mbili kabla, pale pale mchangani, Segrave alikuwa amepiga kilomita 372 na Golden Arrow, injini moja.

korosho_ghafi

Mungu awarehemu. Lakini fundi mimi sijaelewa hesabu. Injini mbili si nguvu mara mbili, kwa nini mwendo usiwe mara mbili, au hata nusu yake?

fundi_mkanda (Mikindani)

Upepo mkuu. Umeshaendesha baiskeli Shangani kusi likiwa limekaza? Ukienda taratibu hulisikii, ukikazana linakusukuma kifuani. Ukiongeza mwendo mara mbili, upepo unakukaba mara nne, na kwa sababu unaupasua huo upepo kwa mwendo mara mbili, nguvu inayotakiwa ni mara nane. Sasa igeuze. Ukiwa na nguvu mara mbili, bodi ile ile, mwendo unapanda kwa robo tu na chenji kidogo. Gari ya 200 inaenda kwenye 250. Ukifunga injini nne inafika kama 317. Hiyo ni kama bodi haijaongezeka, na injini ya pili lazima ikae mahali, gari inanenepa, inakuwa ndefu, inakuwa nzito, tairi zinateseka. Unaongeza mpishi na mlaji kwa pamoja.

mzee_wa_toyo

Mimi nasema wanacheza hawa watu. Lita 81 za injini, hapo ni mafuta ya kupeleka korosho zote za Newala bandarini na kurudi. Kwa kilomita moja.

fundi_mkanda (Mikindani)

Sikatai mzee, ni mchezo. Na mpira nao ni mchezo.

msimbati_kwetu

Hiyo Daytona mnayoisema si ufukwe? Maana huku Msimbati gari zinatembea juu ya mchanga wa bahari, maji yakikupwa mchanga unakuwa mgumu kama lami. Sema lazima ujue kusoma maji, nimeshaona mgeni na gari yake nzuri kasimama kupiga picha, maji yakaja, tukaenda kuvuta kwa kamba watu kumi na tano.

fundi_mkanda (Mikindani)

Ndo hivyo hivyo, ufukwe kabisa, wanasubiri maji yatoke ndo wakimbie. Na kuna siku Segrave yule yule na ile Sunbeam breki zilimwisha kwa joto, akaona isiwe tabu akaiingiza gari baharini kwenye maji mafupi ipunguze mwendo. Nyinyi wa Msimbati msijaribu.

Baadae mwendo ukapanda mpaka ufukwe ukawa haufai, mfupi na una mawimbi mawimbi, ndo wakahamia Bonneville, Utah, ziwa lililokauka likabaki chumvi tupu. Na ndo tunaingia kwenye patamu yenyewe.

nahodha_msangamkuu

Fundi kabla hujaendelea. Mimi boti yangu ina mashine mbili nyuma, nguvu za farasi (HP) 40 na 40. Hizo hazijafungwa pamoja kabisa, kila moja na propela yake, na haziungui mkanda wala nini. Moja ikilegea boti inavuta upande tu, naikaza usukani naendelea. Kwa nini hao hawafanyi hivyo?

fundi_mkanda (Mikindani)

Nahodha ungekuwa karibu ningekununulia pweza. Umeuliza swali lililomchukua injinia mkubwa kabisa wa Uingereza.

Mwaka 1938 pale Bonneville kulikuwa na magari mawili, yote ya Waingereza, yote injini mbili. La kwanza ni Thunderbolt ya George Eyston. Injini mbili za Rolls-Royce R, za ndege za mashindano, V12, lita 36.7 kila moja. Zimelala ubavu kwa ubavu, zote zinaingia kwenye giaboksi moja, giaboksi inapeleka ekseli ya nyuma peke yake. Hebu fikiria hiyo giaboksi inavyoteseka, nguvu za HP zaidi ya 4,000 zinapita sehemu moja kama watu wa mnadani kwenye mlango mmoja. Gari ina tani saba, ekseli mbili za mbele zote zinakata kona, nyuma tairi mbili mbili kama fuso. Yaani waliongeza chuma kila sehemu ili ihimili chuma kingine.

La pili ni la John Cobb, kalichora Reid Railton. Huyu Railton alifanya unachokisema nahodha. Injini mbili za Napier Lion, zile zile za enzi za Campbell, tena za mtumba, zilitoka kwenye boti ya mbio ya bibi mmoja anaitwa Marion Carstairs. BOTI! Akaweka injini moja izungushe magurudumu ya mbele, nyingine ya nyuma, kila moja na giaboksi yake, na HAKUZIUNGA. Hakuna shafti wala klachi ya meno kati yao. Kinachoziunganisha ni ardhi. Tairi zote nne ziko kwenye chumvi moja, gari ni moja, basi mizunguko italingana yenyewe maana itakwenda wapi. Na faida nyingine, uzito wote wa gari unatumika kushika chini, sio ule wa nyuma peke yake. Na kwa sababu ni mbele na nyuma, sio kushoto na kulia kama ya kwako, moja ikilegea haikuvuti pembeni.

Uti wa mgongo wa gari ni chuma kimoja kimepinda kama herufi S, injini zimelazwa mshazari huku na huku ili bodi iwe nyembamba. Rejeta hakuna, maana rejeta inataka tundu la upepo na tundu linakaba. Wanajaza tanki barafu, wanapiga mbio, barafu ikiyeyuka kazi imeisha. Nilivyosoma hapo nikakumbuka feri, yale mabonge ya barafu wanayopigia samaki. Bodi nzima ni ganda moja linanyanyuliwa juu na watu, fundi anafanya kazi, linarudishwa. Uzito tani tatu na kitu.

Yaani Railton kama nusu ya nguvu, chini ya nusu ya uzito.

korosho_ghafi

Nani alishinda sasa usituweke roho juu

fundi_mkanda (Mikindani)

Walipokezana. Agosti 1938 Eyston kilomita 556. Tarehe 15 Septemba Cobb 563.6. Kesho yake, KESHO YAKE, Eyston akarudi na Thunderbolt akapiga 575.3. Nguvu ikashinda mwaka huo, nasema ukweli. Lakini 1939 Cobb akarudi akaichukua, ikaja vita, vita ikaisha, tarehe 16 Septemba 1947 katoa gari ile ile na injini zile zile za mtumba akapiga 634.4 wastani, safari moja ikavuka maili 400 kwa saa. Thunderbolt kipindi hicho ilishaungua moto ndani ya jengo lililokuwa la maonyesho huko New Zealand.

Kuna kituko kimoja cha Thunderbolt sikiwachi. Ilikuwa haijapakwa rangi, bati linang'aa, kipima muda kilikuwa cha mwanga, gari ikikatiza mwanga saa inasoma. Sasa gari inang'aa na chumvi nyeupe inang'aa, mashine haikuona kitu kimepita. Tani saba! Wakaipaka nyeusi ubavuni.

bintichumvi_lindi

Nimecheka hapo kwenye kung'aa maana najua. Kaka zangu mimi nimekulia mashamba ya chumvi huku Lindi, saa saba mchana bila kofia pana huoni hata mkono wako, macho yanachuruzika machozi. Swali langu, hiyo chumvi inabebaje gari? Ya kwetu juu inaganda vizuri unaona kama sakafu, ukipitisha toroli gurudumu linazama, chini ni tope jeusi. Na asubuhi inakuwa laini, mchana ndo inakaza.

fundi_mkanda (Mikindani)

Dada hata ya kwao ni ganda juu ya tope, sema ganda lao ni pana na nene, na wanakimbia kipindi cha kiangazi tu, mvua ikinyesha wanafunga virago wanarudi mwakani. Na ni kweli inateleza, sio lami ile. Ndo maana nguvu nyingi kwenye ekseli moja ni hasara, tairi inazunguka pale pale inachimba. Kugawa nguvu mbele na nyuma ndo dawa.

bintichumvi_lindi

Kwetu hazifai basi, kila hatua kumi na tano kuna tuta la kuzuia maji. Gari ingefika la kwanza tu.

mtoto_wa_mchinga

Na hizo za injini nne?

fundi_mkanda (Mikindani)

Hizo ni za Wamarekani vijana wa gereji, sio matajiri, ndo nazipenda zaidi. Mickey Thompson mwaka 1960, gari inaitwa Challenger, V8 nne za Pontiac, na giaboksi nne za magari ya miaka ya 30. Akaenda maili 406 kwa saa, kilomita kama 654. Lakini sheria ni kwenda na kurudi ndani ya saa moja, unachukua wastani, ili upepo wa nyuma usikubebe. Kwenye kurudi shafti ikakatika. Hakuandikwa popote. Hapo ndo ubaya wa injini nyingi, ukiwa na vitu vinne kila kimoja kinaweza kukuangusha peke yake.

Alafu ndugu wawili, Bob na Bill Summers, gari Goldenrod, yaani fimbo ya dhahabu. V8 nne za Chrysler, lita saba saba, hazina hata supachaja. Zimepangwa mstari mmoja kama mabehewa, mbili zinapeleka mbele mbili nyuma. Gari ina mita kama 9.7 urefu lakini upana mita moja na robo hivi, chembamba kama jina lake. Tarehe 12 Novemba 1965, kilomita 658.6. Kumbuka Railton ilikuwa na HP kama 2,500, na hawa jumla yao ni kama 2,400. Nguvu pungufu, mwendo zaidi. Upepo tena.

Rekodi hiyo, kwa gari za pistoni, ikakaa miaka 26. Mwaka 1991 Al Teague kaivunja kwa chini ya maili moja. Na unajua alikuwa na injini ngapi? Moja.

mzee_wa_toyo

Hahaha kwa hiyo miaka 70 wanahangaika kufunga injini jibu lilikuwa moja.

fundi_mkanda (Mikindani)

Subiri mzee. Mwaka 2018 Danny Thompson, mtoto wa yule Mickey, alichukua gari ambayo baba yake aliitengeneza 1968 ikawa haijawahi kufika ilipotakiwa, baba mwenyewe ameshafariki, akaifufua. Injini MBILI za V8 zinakunywa nitromethani. Kilomita 722 wastani. Kwa gari za pistoni hiyo ndo ilimweka juu mwaka huo. Kwa hiyo moja au mbili bado wanabishana mpaka leo, na mimi nabishana nao humu simuni.

msimbati_kwetu

Zile za jeti vipi, nasikia zimepita sauti

fundi_mkanda (Mikindani)

Thrust SSC, Oktoba 1997, jangwa la Black Rock Nevada, rubani Andy Green, kilomita 1,228 kwa saa. Injini mbili za jeti za Rolls-Royce Spey, ubavu kwa ubavu. Ila kule tairi haisukumi, inazunguka tu, ni ndege iliyokatazwa kuruka, kwa hiyo hata ishu ya kupatanisha kwenye shafti haipo. Mimi ni mtu wa mikanda, jeti naziheshimu kwa mbali.

Ila kwa wanaosema Afrika hatumo, Bloodhound ya Waingereza ilikimbia Hakskeen Pan, Afrika Kusini, 2019, ikapita kilomita 1,000 kwa saa. Na uwanja ule mawe yake yaliokotwa kwa mikono na wanakijiji zaidi ya 300 wa kule kule, maelfu ya tani, jiwe moja moja. Kwenye picha unaona gari tu.

bintichumvi_lindi

Mgongo wao naujua.

nahodha_msangamkuu

Fundi hujamalizia. Yule mwenye mashine ya kukoboa ikawaje? Maana mlimuunguzia mkanda.

fundi_mkanda (Mikindani)

Nlidhani mmesahau. Mkanda nlikatwa kwenye posho yangu. Alafu mzee akamwambia mteja, wewe una injini mbili, nunua kinu cha kusagia cha mtumba. Ile kubwa ikabaki na kukoboa peke yake, tukaifungua tukabadilisha ringi na nozeli ikapata pumzi, ile ndogo ikawekwa kwenye kinu cha kusaga upande wa pili wa banda. Haziunganishwi na chochote. Mama akitoka kukoboa huku anahamisha ndoo anaenda kusaga kule, foleni moja. Nlipita pale mwezi uliopita zote zinapiga kazi, na bati langu bado limepinda hawajalinyoosha.

korosho_ghafi

Kumbe mzee wako na Railton ni mtu mmoja

mtoto_wa_mchinga

Mkanda ulikuwa saizi gani, B ngapi?

fundi_mkanda (Mikindani)

B 75. Kipande chake ninacho, nimefungia geti la kuku.